Mama Kulwa, Mtama Mtamu Unarudi Msangano

Mpendwa Mama Kulwa,

Sijui nikusalimu asubuhi au jioni, maana sijui barua hii itakukuta saa ngapi wala wapi. Wengine wanasema mlipita Rukwa mkaelekea Mpanda. Wengine wanasema mlivuka Tunduma, mko Zambia, kwa watu wanaoongea Kibemba. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe niliyemkuta Mlowo aliniapia kwamba alimwona Masanja, mume wako, huko Ruvuma, amezeeka, anatembelea fimbo. Kwa kuwa wewe husomi na mimi sina anwani yako, nimemwambia binti yangu Sekela aandike ninayomwambia, kisha aipeleke redioni isomwe. Redio ulikuwa unaipenda. Ulikuwa unaitundika kwenye nguzo ya zizi, unakamua huku unasikiliza. Kama bado una tabia hiyo, mtulize ng'ombe kidogo, unisikilize.

Nianze na habari yenyewe, nisikuzungushe. Baba Sekela amefariki. Zakaria wangu alianza kukohoa wakati wa palizi, tukampeleka zahanati, tukampeleka hospitali, tukamrudisha. Alifariki kitandani mwake, mchana, mlango ukiwa wazi, mkono wake mkononi mwangu. Wengine watakaosikia redio watalipita hilo neno la kitandani mwake kama neno la kawaida. Wewe hutalipita.

Na habari ya pili ni kwamba naogopa, Mama Kulwa. Naogopa kama siku ile. Sijaona mtu wa kumwambia hapa, maana kila mtu ana upande wake sasa, na neno ukilitoa mdomoni linafika kwa mwenzio likiwa limeshaota meno. Kwa hiyo nakwambia wewe.

Unakumbuka kwamba mlipofika hapa bondeni mimi nilikuwa nakuogopa? Wote tuliwaogopa. Tuliona mikokoteni ya ng'ombe inashuka kutoka juu, vumbi nyuma yake kama moshi, na ng'ombe wengi kuliko watu wa kijiji kizima. Mama mkwe wangu aliwaingiza mbuzi wake ndani, akalala nao. Walisema Wasukuma wakija, hata nyasi zinahama. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia Msukuma akiongea, lakini niliamini.

Kisha ikaja siku ile mtoni. Momba ilikuwa imekauka, imebaki mchanga tu, na kila mwanamke alikuwa na kisima chake cha kuchimba kwa mikono. Nikakuta changu kimefukiwa, kwato za ng'ombe juu yake. Wewe ulikuwa hatua chache tu, unachota kwenye chako. Nilisimama na ndoo yangu nikingoja ugomvi. Ukaniangalia, ukaninyooshea kata.

"Chota hapa, mama. Hao ng'ombe wamekufukia. Nimekwisha kuwatukana."

Nilicheka kabla sijajua kama nataka kucheka. Tangu siku hiyo tukawa tunateka maji pamoja. Tuliongea Kiswahili kama watu wawili waliovaa viatu vya kuazima, wewe Kisukuma chako kikitangulia, mimi Kinamwanga changu kikinivuta nyuma. Lakini tulielewana. Ulinifundisha kugandisha maziwa kwenye kibuyu. Mimi nilikuonyesha mboga za porini za huku, zipi zinaliwa na zipi zinaharisha. Kulwa na Doto, mapacha wako, walikuwa wakija kwangu wanakula bila kuuliza, na Sekela akija kwako hivyo hivyo.

Basi wakaja watu wa mtama.

Walikuja na gari jeupe, wakaitisha mkutano uwanja wa shule. Alikuwepo mtaalamu mmoja, kijana mwenye miwani, ameshika bua refu kuliko yeye. Akasema huu ni mtama, lakini si mtama wa ugali. Ni mtama mtamu. Bua lake lina maji ya sukari kama muwa; ukiyakamua, ukayachachusha, ukayachemsha na kuuvuna mvuke wake, unapata spiriti, na spiriti hiyo inaendesha magari. Watu wakaguna. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Yaani gari litakunywa pombe?"

"Kwa namna moja, ndiyo, mzee."

"Na likilewa?"

Uwanja mzima ukacheka. Hata yule mtaalamu alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa nimekutazama wewe, na wewe hukucheka. Mlikuwa mmesimama pembeni, wanawake wa Kisukuma na watoto mgongoni, kwa sababu hakuna aliyewaita mkae. Mtaalamu alikuwa amesema wanatafuta ardhi isiyotumika, na mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea ile nyika iliyoko kati ya nyumba zetu na mto. Nyika ile mlikuwa mnachungia ng'ombe kila siku. Tulipokuwa tunarudi uliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Sekela, ardhi isiyotumika ndiyo ipi?" Nikageuka kuitazama nyika ile, ng'ombe wenu wakiwa humo wanakula.

Zakaria akapata kazi. Alikuwa amewahi kusimamia vibarua kwenye mashamba ya kahawa huko Mbozi, wakampa usimamizi wa shamba. Alifurahi kama mtoto. Alivaa buti za mpira hata siku za jua kali. Mtama ukapandwa mvua zilipoanza, na ukaota kwa hasira. Ukanipita kimo, ukampita Zakaria, ukaziba mto tusiuone tena kutoka mlangoni. Wakazungushia boma la miiba, wakawaachia ng'ombe wenu kijia chembamba kando, cha kushukia majini. Ng'ombe wawili wakipita sambamba, miiba inawachoma ubavuni.

Mimi nikaajiriwa kuamia ndege. Wale kwelea walikuwa wakishuka kama wingu lenye sauti. Nilishinda juu ya dungu, napiga debe, nakaukiwa na koo, na wewe ulikuwa unakuja na kibuyu cha mtindi unakaa nami. Ulikuwa unavunja bua, unalimenya kwa meno, unatafuna. Unasema, "Tamu sana." Halafu unatema makapi, unatazama chini kule kwenye kijia, unasema, "Tamu sana, Mama Sekela. Mpaka natishika."

Nakumbuka siku ya kwanza walipowasha ule mtambo wao. Walikuwa wamejenga banda la mabati mwisho wa shamba, na ndani kuna mashine ya kukamua, mapipa ya kuchachulia na pipa kubwa la kuchemshia. Harufu yake ilikuwa ya kilabuni. Yule mtaalamu alimimina ile spiriti kwenye jenereta, akavuta kamba, jenereta likakohoa, likanguruma, na balbu ikawaka mchana kweupe. Watu walipiga makofi. Zakaria alinitafuta kwa macho katikati ya watu ili anione nikimwona.

Kisha kibarua mmoja akapiga yowe. Tulimwona anarukaruka na kuupiga mkono wake kwenye suruali, na hatukuona kitu. Spiriti ilikuwa imemwagikia mkononi ikashika moto, na moto wake juani hauonekani. Mtu anaungua mbele yako na wewe unadhani anacheza. Walimfunika kwa gunia, mkono ukawa umebabuka mpaka kiwikoni. Usiku ule sikula. Nilimwambia Zakaria aache ile kazi. Akasema, "Mke wangu, kazi gani haina hatari?" Lakini tangu hapo kila nilipopita lile banda nilitembea nimenyoosha kiganja mbele, nikipapasa hewa.

Walivuna. Wakakata mabua yote, shamba likabaki visiki. Mvua zikaisha mapema mwaka ule, jua likawa kali, nyasi zikawa majivu. Mahali pekee penye ukijani katika bonde zima palikuwa pale kwenye shamba, maana visiki vilikuwa vimechipua. Machipukizi mafupi, membamba, yamedumaa kwa jua, lakini mabichi. Ng'ombe wenu walipita kando yake kila siku wakienda majini, wamekonda mbavu zinahesabika, na kila siku shingo zilikuwa zinageukia upande ule. Uliniambia siku moja, "Ile miiba haitawazuia. Mimi mwenyewe ningeivunja."

Siku waliyoivunja nilikuwa mtoni. Nilisikia miiba inavunjika, nikaona vumbi, nikasikia kelele za wachungaji. Nilipopanda ukingo walikuwa wameshaingia, wanakula kwa pupa, vichwa chini, hakuna anayeinua macho. Nilikimbia kukuita. Tuliporudi wote wawili, wa kwanza alikuwa anayumba.

Hilo sijaliongea na mtu tangu ulipoondoka. Yule jike wako mwekundu, aliyekuwa na baka jeupe usoni, alisimama akakutazama kama anayetaka kukuuliza jambo. Miguu ikatetemeka, akaanguka kwa magoti kama anayesali. Mdomo wazi, povu, anavuta pumzi na pumzi haiingii. Kisha mwingine. Kisha watatu pamoja. Wachungaji walikuwa wanawachapa waliobaki ili watoke, na waliobaki nao wanaanguka njiani. Wewe ulikuwa unakimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, unawashika vichwa, unawaita kwa majina. Kabla jua halijasogea sana, zaidi ya nusu ya kundi la Masanja lilikuwa limelala chini.

Na siku iliyotangulia, watu walikuwa wamemwona Zakaria na bomba la dawa mgongoni.

Alikuwa ametumwa kupulizia upande wa pili wa shamba, kwenye miche mipya waliyokuwa wanaimwagilia, kwa ajili ya viwavi. Lakini nani angesikiliza habari ya upande wa pili? Neno lilikimbia kuliko pikipiki. Zakaria ametega sumu. Kampuni imemtuma aue ng'ombe ili Wasukuma wahame. Kule kwenu vijana wakaanza kupiga yowe la kuitana, boma kwa boma. Huku kwetu wanaume nao wakatoa mapanga, wanasema kama wakivuka mstari leo ndiyo leo. Zakaria aliingia nyumbani mbio, buti zake zimejaa udongo, akakaa chini nyuma ya mlango. Nilimwona mume wangu ameshika magoti yake kwa mikono miwili ili yasipigane.

Ndipo ulipoingia wewe.

Ulikuja na mkokoteni wako, maksai wawili mbele. Juu ya mkokoteni alikuwepo ndama wako aliyekufa. Uso wako ulikuwa umevimba kwa kulia. Hukubisha hodi. Uliniuliza, "Yuko wapi?"

Nitakuwa mkweli kwako, nilisimama kati yako na mlango ule.

Ukasema, "Wanakuja. Masanja yuko nao. Hapa watamkuta, na wakimkuta, watu wenu watatoka na mapanga, na hapo hatutahesabu maiti za ng'ombe. Nipe nimpeleke kwangu. Hakuna atakayemtafuta kwangu."

Nikakuuliza, "Nitajuaje kwamba humpeleki kwao?"

Nilikuwa natamani uape kwa Mungu, uape kwa mapacha wako. Hukuapa.

"Hutajua," ukasema. "Na mimi sijui kama nitafika. Amua haraka, Mama Sekela."

Ni Zakaria aliyeamua. Alinyanyuka, akatoka, akamsukuma ndama kando, akalala chali kwenye mbao za mkokoteni kama mtu anayelala jenezani. Tulimfunika magunia. Tukamrudishia ndama juu yake, wewe umeshika miguu ya mbele, mimi ya nyuma. Ndama alikuwa bado ana joto. Ukawapigia maksai mluzi, mkaondoka mchana kweupe kwa njia ile ile ambayo wao walikuwa wanakuja nayo.

Nilibaki na Sekela. Nilimwambia akae mvunguni, akakaa. Wakafika. Uwanja wangu ulijaa wanaume, marungu, mikuki, jasho. Walipekua nyumba, wakapindua kihenge, mahindi yakamwagika. Mmoja aliweka rungu lake kwenye mwimo wa mlango, karibu na sikio langu, akaniuliza polepole, "Mumeo yuko wapi?" Nikasema, "Hayupo." Akauliza tena. Nikasema, "Hayupo." Sauti niliyoisikia haikuwa yangu. Masanja alikuwa amesimama nyuma yao. Hakupekua kitu. Alikuwa anayatazama mahindi yaliyomwagika kama mtu aliyepotea njia. Ndiye aliyesema, "Twendeni. Hayupo."

Mengine nilikuja kuyajua kwa Zakaria mwenyewe, maana aliyasikia yote akiwa chini ya ndama. Kwamba mlikutana nao njiani. Kwamba wewe ulianza kulia kwa sauti, na kilio kilikuwa cha kweli, cha ndama. Kwamba Masanja alisimamisha maksai akakuuliza, "Unampeleka wapi huyo?" nawe ukamjibu, "Nyumbani. Hata ngozi yake nisiipate?" Zakaria alisikia mkono wa Masanja ukimpapasa ndama kichwani, kidogo tu juu ya uso wake. Alizuia pumzi. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo hakuwahi tena kuvuta pumzi hadi mwisho.

Sikulala. Jua lilipochomoza, bwana mifugo wa kata alifika na pikipiki, na mtendaji nyuma yake. Watu wote walikusanyika shambani, wenu upande huu, wetu upande ule, silaha bado mikononi. Akampasua ng'ombe mmoja. Damu yake ilikuwa nyekundu kupita kiasi, inang'aa kama rangi. Akachuma yale machipukizi, akayainua juu watu wote wayaone.

"Hakuna mtu aliyetega sumu," akasema. "Sumu iko humu. Mtama ukichipua baada ya kukatwa, ukapigwa na jua, ukakosa maji, unajaa sumu wenyewe. Ng'ombe mwenye njaa akila mwingi kwa mara moja, haponi."

Upande wenu mzee mmoja akatikisa kichwa akasema kwamba hata Shinyanga waliwahi kuyaona hayo, ila si kwa wengi namna hii. Marungu yakashuka. Hayakushuka yote, lakini yalishuka. Na hapo ndipo ulipotembea kuelekea bomani kwako, mimi nikikufuata, Masanja akitufuata bila kujua anafuata nini, ukafungua zizi la ndama, Zakaria akatoka na majani kichwani.

Masanja alimtazama. Akakutazama wewe.

"Amelala kwangu?"

"Amelala kwako."

Nilidhani atakupiga. Niliona mkono wake unakunjuka na kukunjika. Ng'ombe wake walikuwa wanaanza kuvimba juani nyuma yake. Kisha akauliza, "Amekula?"

Uliposema bado, akaagiza aletewe ugali na maziwa. Zakaria alikula mbele yake, machozi yanadondokea kwenye bakuli, na Masanja alikaa naye mpaka akamaliza.

Watu wa mtama walisema ng'ombe waliingia shambani mwao, kwa hiyo hakuna la kuongea. Na jamaa zako nao hawakunyamaza. Walimwambia Masanja kwamba mke wake ana mioyo miwili. Mliwauza wachache waliobaki, mkabaki na maksai wa kukokota, mkafunga mizigo. Tuliagana mtoni. Ndipo nilipokuuliza nililokuwa nataka kukuuliza.

"Siku ile hukuogopa?"

"Mama Sekela," ukasema, "nilijikojolea. Kabla hata sijafika kwako nilikuwa nimelowa. Maksai ndio waliokuwa wanatembea. Mimi nilikaa tu."

Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha ukanikataza kulia, ukasema kilio njiani kinaharibu safari.

Baada yenu haukupita muda mrefu, watu wa mtama nao wakaondoka. Mashine ilivunjika, kifaa kikangojwa, hakikuja. Gari jeupe likaja mara ya mwisho, likachukua jenereta, halikurudi. Mabati ya banda yaling'olewa na watu. Ardhi ikarudi kuwa nyika. Lakini mtama ule ulikuwa umejimwaga wenyewe. Kila mwaka unaota hapa na pale, na kila mwaka Zakaria alikuwa anatoka na jembe kuung'oa, mmoja mmoja, kando ya njia ya ng'ombe. Hakuwahi tena kukaa ameupa mlango mgongo. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mgongo ukutani. Mtu akipiga mluzi nje, kijiko kinasimama katikati ya sahani na mdomo. Tulizeeka hivyo. Lakini tulizeeka, Mama Kulwa. Alimwona Sekela akiolewa. Alimbeba mjukuu.

Siku zake za mwisho aliniambia jambo moja tu la shamba. Kile kipande chetu cha kando ya mto, alichoachiwa na baba yake, ambacho njia ya ng'ombe inapita katikati yake, nisikubali kifungwe.

Sasa wamerudi. Si wale, ni wengine, lakini mtama ni ule ule. Wilaya yetu mpya ya Momba imewaleta, wamekuja na ramani, wanasema safari hii kiwanda kitakuwa kikubwa na barabara italimwa mpaka Mpemba. Na Wasukuma wapo tena, familia changa zilizokuja baada yenu, ambazo hazijui lolote. Vijana wetu wameanza kusema yale maneno ya Wasukuma na nyasi kuhama. Vijana wao wameanza kuyasikia. Shemeji yangu Yohana, mdogo wake Zakaria, anataka nikitoe kile kipande. Alikuja na karatasi nikiwa bado nimevaa nguo za msiba. Akasema mwanamke mjane hana haja ya mto.

Mkutano ulifanyika juzi, uwanja ule ule wa shule. Nilikuwa nimeamua nisiende. Nilikwenda. Waliposema ardhi isiyotumika nilijikuta nimesimama, na magoti yangu yanapigana kama ya Zakaria siku ile. Nikasema, "Ng'ombe watapita wapi kwenda majini?" Wakasema hilo litaangaliwa. Nikasema waangalie sasa, kabla ya kupanda. Nikawaeleza machipukizi yanafanya nini. Nikawaeleza habari ya ng'ombe wa Masanja, jina la Masanja nikalitaja mbele yao wote, na lako. Nikasema kipande changu sitoi. Sikumbuki nilikaaje chini. Mama mmoja kijana wa Kisukuma, mtoto mgongoni, alitoka pale pembeni alikosimama, akaja akakaa kando yangu. Wageni walikunja ramani, wakasema watarudi wiki ijayo wakiwa na mkuu wao.

Jana asubuhi nilikuta vigingi vimepigwa shambani kwangu, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu, kuanzia mtoni mpaka hatua chache kutoka kaburi la Zakaria. Yohana hanisalimii. Mtu amempigia simu Sekela, akamwambia amshauri mama yake anyamaze, kisha akakata. Vile vigingi vilivyosimama katikati ya njia nimeving'oa kwa mikono yangu. Viko chini ya kitanda. Nikigeuka usingizini nasikia kama vinagongana, najua havigongani.

Nikisikia redioni kwamba wafugaji wameondolewa mahali fulani, natega sikio nikitafuta jina lako. Naogopa kulisikia, naogopa kutolisikia. Sijui kama uko hai. Ila nikikuwaza, nakuona uko juu ya mkokoteni, unalia, na maksai wanakwenda.

Mwambie Masanja kwamba mtu aliyekula ugali wake amezikwa vizuri, na watu walikuwa wengi. Wasalimie Kulwa na Doto. Waambie Sekela ana mtoto wa kiume, mkorofi kama wao. Njia ya kushukia mtoni leo bado iko wazi, ng'ombe wa zile familia changa wamepita asubuhi wakanywa. Kile kipande kina nafasi ya nyumba na zizi, na karatasi ya Yohana haina dole gumba langu. La kesho silijui. Kama utakuja, Mama Kulwa, usingoje mavuno wala mvua. Njoo kabla hawajarudi.

Ni mimi jirani yako,
Mama Sekela, mjane wa Zakaria,
Msangano.